Kiapo Alichokikataa Kerrow

S.L.P. 47,
Kotile,
kupitia Garissa.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Keynan,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Idman na watoto, na kwamba baridi ya huko haijaanza tena kuwauma mifupa. Mguu wako unaendeleaje? Nilipoambiwa uliteleza nilicheka kwanza, halafu nikalia. Mtu aliyekua akikimbiza mbuzi pekupeku kwenye miiba, leo anaangushwa na maji yaliyoganda! Mwenyezi Mungu akuponye kabisa.

Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Mvua ya vuli hatujaiona, ila mawingu yameanza kupita upande wa mtoni. Mbuzi wamekonda, ngamia wanavumilia. Shangazi Hinda alipasuliwa jicho na sasa anaona vizuri, na hiyo imekuwa taabu yetu, maana anaona makosa yetu yote mpaka ya jikoni.

Barua hii anakuletea Naimo, binti wa Mohamedamin, anayerudi huko masomoni. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu nakijua mdomoni tu, na shule niliyoiachia darasa la saba haikunifundisha kukiandika. Utanivumilia. Mambo yenyewe hayasemeki kwa simu inayokatika kila dakika.

Najua mpwa wako Ikran alikueleza kwamba shemeji yako Kerrow, mume wangu, amefungwa. Najua pia ulivyomjibu. Ulisema ni ukaidi wa wazee, na kwamba angetaja jina lolote lile akarudi nyumbani. Sikukasirika. Nataka tu ujue ilivyokuwa, kisha useme tena ukitaka.

Unaikumbuka siku aliyokufa Abdiwahab, mtoto wa jirani yetu Ubah. Alikuwa amekaa anakunywa chai kule mjini, bomu likamkuta na glasi mkononi. Baadaye ikajulikana kwamba yule aliyelitega alilala kwa watu siku mbili kabla, akala chakula chao, na mwenye nyumba hakujua hata jina lake. Ubah hakulisahau neno hilo. Alizunguka nalo, kutoka baraza hadi baraza, kutoka ofisi hadi ofisi, akisema, "Laiti mtu mmoja angemwuliza, mwanangu angekuwa hai." Nani angembishia? Hata wanaume walikuwa wakiinamisha vichwa.

Ndivyo ilivyozaliwa sheria ya wageni. Inasema kila mwenye nyumba amwulize mgeni jina, kitambulisho, atokako na aendako, kabla hajampa mahali pa kulala, na asubuhi apeleke habari kwa chifu. Keynan, sikudanganyi, ilipopita tulimshukuru Mungu. Haikutungwa na watu wabaya. Ilitoka katika uchungu wa mama, na mimi nilimsaidia mama huyo kuosha nguo za mwanawe.

Mwanzo haikutuuma. Baadaye askari walianza kupita alfajiri kuhesabu waliolala. Wakiona mkeka uliokunjwa huugusa waone kama bado una joto. Fikiria, walaal, ndugu yangu, mkono wa mtu usiyemjua unapapasa mkeka wa binti yako, nawe umesimama hapo na kanga yako unaangalia. Kisha wakaanza kuuliza mgeni aliongea nini. Dada wa mtu akija kujifungulia kwa dada yake, naye ni mgeni. Mwalimu wa Kurani akishikwa na jua kwako akajinyoosha kidogo, naye pia.

Basi watu wakajifunza uongo. Sasa chifu anapelekewa majina ya mababu waliozikwa zamani. Ukiyasikia yakisomwa utadhani wafu wote wa Ijara nzima wamefufuka wakaja kulala Kotile. Chifu mwenyewe anajua. Siku moja alimwambia Mohamedamin, "Huyu babu yako naona anasafiri sana siku hizi, mwambie apumzike." Watu wakacheka. Lakini ni kicheko kibaya, Keynan. Tulikuwa watu wasiosema uongo juu ya mgeni.

Na wale wetu wasio na vitambulisho, nao ni wengi kama ujuavyo, hawapiti tena vijijini. Wanalala msituni na fisi.

Sasa nije kwa Kerrow. Mwezi uliopita, baada ya magharibi, alifika mtu anayetafuta ngamia waliopotea. Miguu imepasuka, midomo myeupe kwa kiu. Kerrow alifanya kama baba yetu na baba yake walivyofanya. Maziwa, maji ya kuoga, mkeka. Hakumwuliza kitu. Unajua kwetu mgeni haulizwi jina wala safari mpaka siku ya tatu, na kabla ya hapo akisema amependa mwenyewe. Waswahili wana methali yao kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wafugaji hata hilo jembe hatuna, tunampa maziwa tu mpaka achoke.

Yule mtu aliondoka kabla ya siku ya tatu. Alfajiri ileile askari walipita, wakakuta mkeka una joto.

Mzee wa mtaa, Yarow, alimhurumia. Alimvuta pembeni akamwambia, "Kerrow, taja jina tu. Sema Ali, sema Hassan, dunia imejaa hao." Kerrow akamjibu, "Na huyo Ali akitafutwa akapatikana? Nimfunge mtu nisiyemjua kwa ajili ya mtu nisiyemjua?" Yarow akatikisa kichwa, akasema, "Waryaa, wewe utatufundisha dini mpaka jela." Ndivyo ilivyokuwa.

Kesi ilisikizwa Garissa Jumanne iliyopita. Hakimu alikuwa mama kijana kutoka bara, mwenye adabu. Alimwita Kerrow mzee, akaagiza aletewe kiti kwa sababu ya goti lake. Nilikaa nyuma na Ikran.

"Mzee, mgeni wako anaitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Alikula kwako, akalala kwako, na hukumwuliza?"

"Ningemwuliza angekuwa mgeni wa chifu, mama. Alikuwa wangu."

Watu wakacheka, hata hakimu akainama kidogo kuficha uso. Kisha akakaa sawa. Alisema anaona wazi kwamba huyu si mtu mbaya, na kwamba mgeni mwenyewe hajashtakiwa kwa lolote. Lakini sheria imempa njia mbili tu. Kerrow aape mbele ya chifu kwamba tangu leo atamwuliza kila mgeni kabla hajampa mahali, aende zake nyumbani. Au afungwe miezi mitatu.

Nilimwomba Mungu aape. Nakuambia wewe kwa sababu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nilisema moyoni, apa baba Ikran, apa twende, tufike kabla ya giza.

Kerrow aliomba ruhusa aswali adhuhuri kwanza, akapewa. Aliporudi alisimama, kiti akakiacha. Akasema, "Mama, mtu mwenye kiu atafika tu mlangoni kwangu, sijui ni kesho au mwakani. Siku hiyo nitavunja kiapo au nitavunja dini yangu. Heri nifungwe leo sijavunja chochote."

Hakimu aliniangalia mimi, kana kwamba nitasema neno. Nikamshika Ikran mkono. Wakampeleka. Ametulia huko, hawamtesi, nimemwona Alhamisi akaniuliza habari za ngamia kwanza na habari zangu baadaye, kwa hiyo nilijua ni mzima.

Wewe ulikuwa umeshapiga simu Jumatano ukasema ni ukaidi. Nami kwa siku mbili, Keynan, nilikuwa upande wako. Nilijiambia, kuuliza ni neno dogo. Mgeni unaweza kumwuliza kwa upole na maji ukampa. Kuna ubaya gani?

Basi Ijumaa baada ya alasiri alikuja mwanamke na mtoto mgongoni. Simjui. Amefunikwa na vumbi, mtoto anapumua kama aliyeshikwa na kifua. Alisimama penye miiba ya boma akatoa salamu. Nami mume wangu yuko gerezani, Yarow ameshaniambia nyumba yetu inaangaliwa. Nikaitikia salamu, na kabla sijaenda kwenye jerikeni ya maji nikamwuliza, "Wewe ni nani, na unatoka wapi?"

Nilimwuliza kwa upole, wallahi. Hata nilitabasamu.

Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Akasema, "Samahani mama, napita tu." Akageuka. Nikamwita, nikamwambia ngoja, maji haya hapa, sikuulizi tena. Akaongeza mwendo. Nikamtuma Ikran amfuate na maji, akamkuta mbele huko karibu na barabara. Mwanamke alimnywesha mtoto, yeye mwenyewe akakataa kunywa. Alimwambia Ikran, "Mwambie mama yako hana kosa, lakini mimi sina cha kumjibu." Pengine hakuwa na kitambulisho. Pengine alikuwa anamkimbia mume. Sitajua kamwe, na si haki yangu kujua.

Nilikaa chini pale pale kwenye miiba. Keynan, mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, sijawahi kumfukuza mtu mlangoni maishani mwangu, na siku ile nilimfukuza mtoto mgonjwa kwa neno dogo la upole. Hakuna askari aliyekuwapo. Sheria ilikuwa imeshaingia mdomoni mwangu, inasema yenyewe. Nikamwelewa Kerrow. Nilikuwa nimedhani anabishana na serikali, kumbe alikuwa analinda mdomo wake.

Jana Yarow alikuja na ujumbe. Kwa kuwa Kerrow amefungwa, mkuu wa nyumba sasa ni mimi, na nyumba iliyokutwa na kosa lazima mkuu wake aape. Niende kwa chifu Alhamisi. Nisipoapa, nami nitapelekwa Garissa. Hakuweza kuniangalia usoni aliposema, maskini.

Sikulala vizuri. Nimewaza mifugo, nimewaza Ikran na mitihani yake, nimewaza watu watasemaje juu ya nyumba ambayo baba na mama wote wako gerezani. Nikaswali istikhara, nikimwomba Mungu anionyeshe njia. Sitakudanganya kwamba niliona ndoto. Niliamka tu nikiwa sina shaka. Dini yetu inatuambia ahadi ni kitu cha kuulizwa Siku ya Hesabu. Sitaapa kufanya tena nilichomfanyia yule mwanamke.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Ubah, maana sikutaka asikie kwa wengine. Nilidhani tutagombana. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimama. Nilipomaliza akasema, "Abaayo, dada yangu, nilitaka aulizwe yule mmoja. Sikumtaka Kerrow. Sikukutaka wewe."

Nikamwambia najua.

Akasema, "Nimekwenda kwa wale niliowaomba watunge. Nimewaambia legezeni. Wananiambia, mama, sheria hii ni ya mwanao, unataka tumwue mara ya pili?" Hapo akaacha kupepeta. "Wamemchukua mtoto wangu wakamfanya ukuta, Maka. Hata mimi siwezi kupita."

Tulilia kidogo, si sana, tumeshalia pamoja zaidi ya hapo. Kisha nikamwomba kitu nilichokuwa naogopa kumwomba. Nikasema kama Alhamisi sitarudi, Ikran hawezi kukaa peke yake na boma lile. Ubah akasema atahamia kwangu yeye mwenyewe mpaka mmoja wetu atoke.

Kwa hiyo ndugu yangu, nakuomba mambo haya na usinikatalie. Mpigie Ikran simu kila Ijumaa, na usimfundishe jina la uongo. Usiwaombe wakubwa unaowajua huko watutoe kwa mlango wa nyuma sisi wawili tu. Kama unaweza kusema na watu, sema juu ya sheria yenyewe, na useme vizuri, bila kumtukana mama wa marehemu. Na sisi utuombee dua.

Wasalimie Idman na watoto wote, uwabusu vichwani kwa niaba yangu. Shangazi Hinda anakusalimu na anauliza kama huko mnakula nyama ya kweli. Mohamedamin anakusalimu, Yarow pia, usimchukie. Kerrow alisema nikuandikie kwamba hana kinyongo na wewe, na goti lake linakusalimu goti lako.

Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake, akuzidishie riziki ya halali, na kila mlango utakaosimama mbele yake ufunguliwe.

Karibu nisahau. Nilipokuwa natoka kwa Ubah niligeuka nikamwuliza, je, wageni wakija nyumbani kwangu akiwa yeye ndiye mwenyeji, atawauliza majina? Aliutua ungo chini. Aliniuliza tu, birika la kunawia wageni huwa naliweka upande gani wa mlango.

Dada yako akukumbukaye katika kila sijda,

Maka