Mpumzike Kidogo

Londiani, 2 Februari 1997

Kwako ndugu yangu Kebaso,

Nimekukosea. Salamu zitafuata, lakini hiyo itangulie, kwa sababu nikianza na habari ya mvua na ng'ombe nitaogopa tena. Mko aje huko Silibwet? Shemeji Mellen amepona mgongo? Sisi ni wazima, huku ni baridi tu na viazi.

Unakumbuka viwanda vya chai vilipoanza kupakia majani kwa magunia ya karatasi, masanduku yetu ya mbao yakakosa mnunuzi. Mdosi mwenye karakana aliniita nyuma akasema, "Kiptanui, nikiwaambia mafundi wamepunguzwa, sheria inataka niwalipe kwa kila mwaka waliofanya. Wewe waambie wapumzike kidogo." Akaniahidi mimi nitabaki, nilinde geti na stoo.

Mtu wa huku kwetu anajua hilo neno. Jua likichoma majani, mchumaji anaambiwa pumzika, na mvua ikirudi anaitwa. Ndiyo maana nilipowaambia hamkuuliza kitu. Wewe hata ulicheka, ukatundika nyundo yako kwa msumari, ukasema, "Niangalilie bibi yangu wa pili." Na mimi nilijua hamrudi.

Halafu mlipopeleka malalamiko ofisi ya leba Kericho, ile ya mambo ya wafanyakazi, nikaitwa nikamwambia afisa, "Walienda mapumziko, hawakurudi." Nisamehe.

Ni mimi ndugu yako mkubwa,
Kiptanui

Silibwet, 10 Februari 1997

Kwa Baba Chepkemboi,

Tuko wazima, kama mtu anayekula jasho la mke wake anaweza kuitwa mzima. Mellen anachuma majani kwa mashamba ya watu, na mgongo huo huo unaoulizia.

Unajua jina langu hapa? Pumzika. Watoto wakiniona wanapiga kelele, "Pumzika anapita!" Mwenye nyumba naye akaniuliza, "Sasa na kodi ipumzike mpaka lini?" Fundi mmoja wa Bomet alinitaka nimtengenezee vitanda. Nikamkatalia. Nikamwambia mimi nina kazi, nimepumzika tu, ndugu yangu Kiptanui ataniita. Nilisema hivyo nikijivuna.

Na fundi mwenzetu Nyang'au, mvua iliponyesha, si alikuja mpaka getini? Si ni wewe ulimwambia, "Bado, bado"? Sasa leba wanasema tulitoroka kazi, na mtu aliyetoroka halipwi. Afisa amesema mwisho wa Machi anafunga faili, isipokuwa mtu wa ndani aje aseme vingine. Mtu wa ndani ni mmoja.

Nisamehe ya karatasi sitaki. Nenda useme.

Kebaso
(Nimetafuta neno lingine la kuweka hapo mahali pa "ndugu yako", nimekosa.)

Londiani, 17 Februari 1997

Ndugu yangu Kebaso,

Natumaini Mungu amewalinda. Barua yako nimeisoma, nikaificha mke wangu Rodah asione. Nikienda leba, kesho yake mdosi atanitoa, na umri huu nani atanichukua? Chepkemboi bado yuko chuo. Si tungeenda pole pole? Nimeongea na mdosi, anasema anaweza kukupa kibarua cha kupasua kuni. Na nimekutumia gunia la viazi na Kipchoge, yule wa lori. Muwe mnakula tukipanga.

Ndugu yako mkubwa,
Kiptanui

Silibwet, 24 Februari 1997

Baba Chepkemboi,

Salamu. Gunia linarudi na lori lile lile, halijafunguliwa. Mellen amelibeba mwenyewe mpaka barabarani. Anasema viazi vyako navyo vipumzike.

Usiandike tena kama huna siku ya kuniambia utakayoenda leba.

Kebaso

Londiani, 3 Machi 1997

Kwako Kebaso,

Leo siulizi kama mko wazima. Najua ni nani aliyewaharibia huo uzima.

Viazi vilifika. Rodah ndiye alivipokea, akauliza kwa nini vimerudi, nikamwambia yote. Hakulia. Alisema, "Kumbe huu muda wote napikia geti." Tangu hiyo siku ananiwekea chakula mezani na kwenda kukaa jikoni.

Jana niliingia stoo. Nyundo yako iko kwa msumari ule ule, na ile ngozi uliyoshonea mpini. Panya wameila upande mmoja. Nilisimama pale nikajiuliza: fundi akitoroka kazi, anaacha nyundo yake? Hata mtoto angejua jibu. Mimi nimepita hapo kila siku na funguo mkononi.

Siku ni Ijumaa, tarehe kumi na nne mwezi huu. Nitakuwa kwa mlango wa leba Kericho kabla hawajafungua. Nitasema mdosi aliniambia nini, na mimi nikawaambia nini. Nitasema Nyang'au alikuja siku ya mvua nikamrudisha na matope yake. Nyundo nitaiweka juu ya meza ya afisa, nimuulize hilo swali. Mdosi akitaka kazi yake, aichukue. Lakini aseme, "Nimekufukuza." Asiniambie nipumzike.

Mwambie Nyang'au. Na wewe usije kwa sababu yangu, njoo uchukue nyundo yako. Nitakupa mkononi hiyo Ijumaa, mbele ya afisa.

Kiptanui