Amina Niliyoisema Kabla ya Wakati

Jumamosi, jioni. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Mlima Meru sijauona tangu asubuhi, umefunikwa na mawingu, na leo nashukuru. Sitaki kutazamwa na kitu chochote kikubwa.

Leo nimemkatiza mama yangu akiongea na Mungu.

Ninaliandika jambo hili hivyo hivyo, bila kulipamba, kwa sababu mchana kutwa nimekuwa nikilipamba kichwani. Nimejiambia muda ulikuwa umekwisha, watu walikuwa na njaa, mwenye nyumba ana haki ya kuongoza ratiba. Yote ni uongo.

Jumuiya yetu ya sala ilikutana kwangu, hapa Kaloleni. Nilifua mapazia, nikaazima viti, nikaandaa somo. Somo lenyewe lilikuwa juu ya yule Farisayo na mtoza ushuru waliokwenda hekaluni kusali. Nilikuwa na maneno mazuri sana kuhusu mtu anayesali huku akichungulia nani anamtazama. Nilimwalika hata Joyce wa ofisini, mzaliwa wa Dar, ambaye kwa muda mrefu nimekuwa nikimhakikishia kwamba jumuiya yetu si ya wazee peke yao.

Mama alikuwepo. Alishuka juzi kutoka kijijini, kule juu ya Tengeru, kuja kliniki ya macho, akabaki ili asali na sisi. Nilifurahi. Kweli nilifurahi, mpaka Mama Neema, mwenyekiti wetu, alipomwomba atufungie kwa sala.

Mama husali kwa Kimeru. Kiswahili anakijua vizuri, sokoni anagombana nacho kutwa nzima, ila kwa Mungu hakipeleki. Na hasali kwa kifupi. Anaanza na mvua, anakuja kwenye migomba, ng'ombe, wagonjwa, wajane, ndipo anaingia kwa watoto wake, mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza. Mimi ni wa mwisho. Tulipokuwa wadogo sala hiyo ilisaliwa jikoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, na kaka yangu Godlisten alikuwa akinifinya gizani: "Wewe ndiye unayetuchelewesha kula. Si ungezaliwa kwanza!" Jina langu likitajwa, tunakula.

Leo mama alianza na mvua. Chai ya maziwa ikaanza kufanya utando. Nikafumbua jicho moja, nikamwona Joyce anatazama dari. Nikaiona sebule yangu kwa macho yake: mama mzee mwenye kitenge kilichopauka, lugha asiyoielewa, sala isiyo na mwisho. Sikuwa nasikiliza tena. Nilikuwa nangoja upenyo. Mama akatua kidogo kuvuta pumzi, nami nikasema "Amina!" kwa sauti ya mwenye nyumba.

Watu wote wakaitikia. Wakikaa wote pamoja na kushika vikombe, nani atairudisha sala?

Mimi, niliyetoka kufundisha kuhusu Farisayo.

Kisha Joyce, akijifuta machoni kwa kiganja, akamgeukia mama. "Shikamoo tena, mama yangu. Mbona umekatisha? Umenikumbusha bibi yangu, nilikuwa nakaza macho nisilie mbele za watu."

Mama hakunitazama. Alicheka tu. "Uzee, mwanangu. Pumzi imeniishia njiani."

Pumzi! Mama huyu, anayepandisha mkungu wa ndizi kichwani mpaka nyumbani bila kupumzika. Alilichukua kosa langu, akaliweka juu yake kama anavyoubeba ule mkungu, akaomba aongezewe sukari. Wageni wakacheka naye. Nikacheka pia. Nilicheka, Mungu wangu.

Wakati wa kuagana, Mama Neema alinishika mkono getini. Yeye ni Mmeru, alielewa kila neno. Sauti yake haikuwa kali. "Loveness, mama yako alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumwombea Elibariki."

Elibariki ndiye aliyenitangulia kuzaliwa.

Alikuwa anavuta pumzi ili anitaje mimi.

Nilirudi ndani nikamkuta mama anaosha vikombe. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikasimama mlangoni kama mtoto anayengoja sahani yake. Nilitaka kusikia kama ananimalizia sala yangu kule kwenye beseni, katikati ya povu. Akanihisi, akageuka. "Lavunesi," ndivyo anavyolitamka jina langu, "hii sabuni yako mbona haina nguvu?"

Neno lilikuwa mdomoni. Samahani, mama. Ni maneno mawili tu. Badala yake nikasema nitanunua nyingine.

Huwa nawaambia watoto wa Shule ya Jumapili kwamba Bwana alibeba aibu yetu, nao wanaitikia kwa sauti moja, nami nasonga mbele kwenye wimbo. Leo nimeona jinsi jambo hilo linavyofanyika. Linafanyika sebuleni, kwa utani mdogo kuhusu uzee, na aliyeokolewa anabaki amekaa akichovya andazi kwenye chai, asijue pa kuweka uso.

Kesho kanisani ni Meza ya Bwana. Najua ninachotakiwa kufanya kabla ya kuisogelea, kupatana kwanza na niliyemkosea; nimekifundisha mara nyingi. Jumuiya ikikutana tena nitawaambia amina ile niliisema mimi kabla mama hajamaliza, na Joyce nitamwambia mwenyewe, hata kama atanitazama tofauti. Lakini hilo ni rahisi. Kugumu ni kule jikoni, hatua chache kutoka kitandani nilipokaa, ambako kunanukia ndizi na nyama, na sufuria nimesikia ikiepuliwa.

Je, nikimwambia, atajifanya hajui ninasema nini? Anaweza. Ndivyo alivyo. Basi nitamwambia mara ya pili.

"Lavunesi! Chakula kinapoa!"

Anajua niko chumbani, anajua kwa nini, na bado hajagusa chakula. Naenda. Nitasema lile neno kabla hajafumba macho, kisha nitamwomba asali kwa Kimeru, aanzie kwenye mvua, asiruke hata ng'ombe mmoja. Leo kinywa changu hakitasema amina mpaka nimesikia jina langu.