Kidole cha Kwanza

Mdogo wangu,

Huku mvua imekatika na goti langu halijambo. Kwenye mazishi sikukupa mkono, na sababu unaijua: umenitia kinyaa.

Miaka thelathini nilikuwa tarishi wa posta, nikipeleka telegramu. Yenye msiba hatukumpa mtu aliyesimama. Nilikuwa naomba maji ya kunywa, nakaribishwa ndani, tunakaa wote, ndipo naitoa bahasha. Hata mlevi wa mtaa nilimfanyia hivyo.

Wewe msiba wa mama yetu umeutangaza kwenye kundi la familia la simu, chini ya picha ya kochi unalouza! "Mama ametutoka, tunazika kesho saa nane." Basi. Shemeji akaweka kidole gumba. Binamu naye kidole gumba. Vikafika ishirini, utadhani mama kapandishwa cheo.

Ulishindwa nini kunipigia, ukasema, "Kaka, kaa kwanza"?

Nimejitoa kwenye hilo kundi. Ila kabla ya kutoka niliangalia majina ya waliobonyeza. Kidole cha kwanza kabisa ni changu. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate, nimesimama, nikabonyeza bila kusoma.

Ni mimi kaka yako,
tarishi mzima.