Spika za Nyuma

Muscat, 3 Agosti 1997

Mdogo wangu Salma,

Assalaam alaykum. Mie mzima, ila joto la huku linanikausha kama ng'onda. Mama hajambo na miguu yake? Mpe shikamoo yangu kabla hujamwambia habari ya mzigo.

Mzigo wenyewe ni televisheni, inchi ishirini na tisa, na deki yake, na spika tano za kuzunguka chumba. Tajiri wangu amenunua mpya, hii kaniachia. Mudathir wa Kipawa anarudi na kontena, ataifikisha mpaka mlangoni. Msiiweke mezani. Mnajua masika maji yanavyoingia sebuleni. Ifungwe juu ukutani, kama huku. Chuma cha kuishikia nimekiweka humo humo.

Likizo nimenyimwa tena. Pasi yangu ya kusafiria anayo tajiri. Mwambie Mama asinune, nitajirekodi kwenye kanda anione.

Kaka yako,
Anwar


Mtoni, Temeke, 21 Septemba 1997

Kaka Anwar,

Shikamoo. Sie wazima. Mama miguu inavimba jioni, lakini mchana anatembea.

Zawadi imefika. Wanaume wanne waliibeba wakakwama mlangoni, boksi pana kuliko mlango. Jirani yetu Zubeda akawaambia, "Mvueni mwali nguo kwanza ndipo mumwingize."

Lakini kaka, umeisahau nyumba yenu. Kuta zetu ni miti na udongo. Saruji aliyopiga marehemu Baba ni ya juu juu tu. Fundi Kornelio alichomeka bisibisi ikazama yote mpaka mpini. Akasema, "Ukuta huu hata kalenda unaibeba kwa huruma." Basi tumeiacha ndani ya boksi.

Mama anasema ahsante. Kisha ananiuliza, "Kwani yeye mwenyewe alishindwa kuingia kwenye hilo kontena?"

Mdogo wako,
Salma


Muscat, 12 Oktoba 1997

Mdogo wangu Salma,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mnaendelea, namwombea Mama nafuu ya miguu.

Ni kweli nilisahau. Nikiiota nyumba yetu, naiota ya tofali. Basi jengeni ukuta mmoja wa tofali, huo wa upande wa barabara, na televisheni ikae hapo. Mudathir amekuja tena huku; gharama zote nimemkabidhi, na kanda niliyojirekodi anayo. Fanyeni kabla mvua za vuli hazijakolea. Kornelio atatia maneno, mafundi hawaishi maneno. Mwambie kaka kasema.

Kaka yako,
Anwar


Mtoni, 23 Novemba 1997

Kaka Anwar,

Shikamoo. Sie hatujambo, na Mama anakusalimu sana.

Ukuta umesimama. Kornelio alisita: "Tofali na miti havioani. Nikiikata miti ya upande huu, ile mingine itashikwa na nani?" Nikamsomea barua yako. Akakata.

Televisheni ipo juu, imekazwa kwa bolti. Spika tatu ziko mbele, mbili ndogo ukuta wa nyuma, zinaning'inia kwenye misumari. Waya nimezipitisha pembeni, nikazifunika kwa mkeka asije mtu akajikwaa.

Jana tuliweka kanda yako. Ulipotoa salamu, sauti ikatokea na nyuma. Mama akageukia mlangoni akasema, "Karibu ndani, umefuatana na nani?" Sebule nzima ikacheka. Mama hakucheka. Sasa amehamishia mkeka wake ukuta wa nyuma, chini ya spika. Nikimwambia hapo haoni vizuri, ananijibu, "Mbele ipo picha yake. Huku ndiko aliko." Hata umeme ukikatika, anakaa pale pale na tasbihi yake.

Mvua imeanza na haipumziki. Maji yamefika kizingitini.

Mdogo wako,
Salma


Muscat, 4 Januari 1998

Mdogo wangu Salma,

Marahaba. Ramadhani imenikuta salama, sijui nyie.

Mbona kimya? Redio ya hapa inataja mafuriko ya Afrika Mashariki kila siku. Televisheni haikuingia maji? Mama anafunga, au miguu imemzuia?

Nimetuma kanda ya pili kwa posta. Hii nazungumza na Mama peke yake, msijazane sebuleni. Spika za nyuma ziongezeni sauti.

Kaka yako,
Anwar


Mtoni, 25 Januari 1998

Kaka Anwar,

Shikamoo. Mie ni mzima.

Mama amefariki. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 11 Desemba, baada ya swala ya alasiri. Zubeda alinipeleka kukupigia simu kwa tajiri wako. Aliyepokea alisema Kiarabu, nikalitaja jina lako, akakata. Sikuwa na nguvu ya kuandika mpaka leo.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa wiki nzima. Mie nilikuwa uani nakinga maji. Ukuta ukalalia ndani, na paa likafuata. Mama alikuwa kwenye mkeka wake. Tulimzika Ijumaa. Vijana walikomba maji kaburini kwa ndoo kabla hawajamshusha.

Kornelio alikuja msibani, akakaa mwisho wa jamvi.

Kuta za udongo zimeyeyuka zote. Ule wa tofali umebaki peke yake, unaonekana tangu barabarani, na televisheni juu yake. Zubeda aliwahi kuifunika turubai. Watoto wakipita wanaonyeshana, "Nyumba ya kina Anwar ile."

Kanda ya pili imefika. Sijaifungua, ulisema ni ya Mama peke yake. Nimeiweka pamoja na tasbihi.

Uliuliza. Televisheni haikuingia maji.

Mdogo wako,
Salma