Sarafu za Uswisi Ulizozivaa Kiunoni

Mama Salehe wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, na Mola aendelee kukulaza pema. Mimi ni mzima, ila magoti. Barua hii sitaitia kwenye bahasha. Nitaiacha mezani hapa Masuguru watoto na wajukuu waisome, maana kuna jambo lako wanalisimulia vibaya, na aliyewafundisha kulisimulia hivyo ni mimi.

Juzi mjukuu wako Zainabu alikuja na sarafu nne za Uswisi alizopewa na mgeni kazini kwake. "Babu, nataka kukusanya kama wewe. Naanzia wapi?" Unanijua nikiulizwa swali. Nilimkalisha kuanzia adhuhuri hadi alasiri, chai ikapoa.

Nilimwambia asikimbilie kila sarafu anayoiona. Achague aina moja, ile ndogo ya rapeni kumi, yaani senti zao, yenye kichwa cha mwanamke. Sura yake haijabadilika tangu enzi za babu zetu. Kinachobadilika ni mwaka, basi kazi yake iwe kutafuta miaka. Aishike ukingoni, asiiguse uso. Asiisugue kwa majivu na limau kama sufuria, kwani ule weusi ni sehemu ya umri wake. Faranga za zamani ni za fedha halisi na za baadaye si za fedha. Akizidondosha mezani atasikia ile ya fedha inalia kwa muda mrefu zaidi. Nikamweleza pia kwamba watu wa nchi ile wana lugha nne, ndiyo maana jina la nchi wameliandika kwa Kilatini, lugha isiyo ya yeyote kati yao, pasiwe na wa kununa.

"Na yenye tundu, Babu?"

"Yenye tundu mkusanyaji haihesabu."

Akacheka. "Kama zile Bibi alizokuharibia!"

Nilicheka naye. Alipoondoka sikuweza kucheka tena.

Unakumbuka zilivyoanza. Baba yako alikuwa mpishi wa fundi mitambo Mswisi katika shamba la mkonge huku bondeni Korogwe. Mashamba yalipotaifishwa, fundi akarudi kwao, akamwachia baba yako kopo la tumbaku lenye sarafu. Benki wakamwambia wao hupokea noti tu. Mzee akatupa sisi, siku tuliyokwenda kwake Kwashemshi kumwonesha mwanetu Salehe alipozaliwa. Mimi nilitaka wachezee watoto. Wewe ndiwe uliyezipanga mkekani na kusema, "Mwalimu, tazama, mwanamke ni yule yule, miaka ndiyo mbalimbali. Huu upo, huu upo, huu haupo. Uko wapi?" Basi uliyeanza kukusanya ni wewe, na hilo sijawahi kulisema mbele ya mtu.

Tulipohamishiwa Handeni, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, ulizibeba katika pindo la kanga. Pale Segera, tukisubiri lori, ulikuwa unazipapasa kila baada ya dakika kuona kama zipo. Kijijini ukawa ukiwaona wazungu waliokuja kuchimba kisima, unawapelekea mahindi ya kuchoma na kuwauliza kama miongoni mwao yuko wa Uswisi. Mmoja alikuwepo. Akakupa miwili kati ya miaka tuliyoikosa. Ulirudi nyumbani ukiimba Kishambaa.

Kosa lilikuwa langu. Darasani nilikuwa nafundisha habari za Ulaya, nikaona haitoshi kusema. Nikachukua lile kopo, nikapitisha sarafu mkono kwa mkono, nikieleza hili na lile hadi kengele ikalia. Jioni ile ile kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu ana fedha za kigeni. Miaka ile neno kama hilo halikuwa la mchezo. Mtumishi wa serikali aliyeitwa bepari angeweza kupoteza kazi, na sisi hatukuwa na kitu kingine: shamba lilikuwa la kijiji, nyumba ya shule.

Kesho yake mimi nikiwa na wanafunzi kwenye shamba la pamba, wewe ukasikia kisimani kwamba katibu wa kijiji anakuja kupekua. Ulikwenda kwa seremala mwenye keekee, akazitoboa zote. Ukazitunga pamoja na shanga zako, ukazifunga kiunoni, ukarudi kutwanga.

Yaliyofuata alinisimulia mgambo mmoja aliyekuwepo. Walipekua hadi ndani ya mtungi. Kisha katibu akasimama mbele ya kinu.

"Mama Salehe, mbona ukitwanga unalia kama njuga?"

"Ni shanga zangu, katibu."

"Shanga gani za kulia hivyo?"

"Za kike. Unataka nikufungulie kanga uone shanga za mke wa mwenzio, mchana huu, na mgambo wako wakishuhudia?"

Mgambo wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Katibu, hizo hazimo kwenye mwongozo wa chama!" Katibu akaomba radhi, akaomba na maji ya kunywa, wakaondoka.

Niliporudi uliziweka mbele yangu pamoja na ugali. Nami nikatazama matundu.

"Umezitoboa? Zote?"

"Zote."

"Sarafu yenye tundu haina thamani! Miaka yote tuliyotafuta, umeiharibu kwa asubuhi moja."

"Na mwalimu asiye na kazi ana thamani gani?"

Nilizisukumia pembeni. Ukaziokota, ukazifunga tena, ukasema, "Kula, ugali unapoa." Hukuniuliza tena mwaka upi tumeupata na upi bado. Mimi baadaye nikaanza upya na sarafu nzima nzima, kila aliyezitazama nikamwambia kwa mzaha kwamba za kwanza mke wangu aliziharibu. Ulikuwa unasikia, ukiwa unamimina chai.

Zile zako nilizisikia zikilia ukitembea ndani ya nyumba miaka yote tuliyoishi, nikadhani unanikomoa. Wanawake waliokuosha waliponikabidhi ule uzi, nilihesabu: haikupungua hata moja.

Kwa hiyo nawaandikia na hawa watakaosoma. Bibi yenu hakuharibu kitu. Mdomo wangu ulituingiza hatarini, naye akatutoa kwa kutoa kitu alichokipenda kuliko nilivyokipenda mimi. Kesho nitamwita Zainabu nimweleze hivyo kwa kinywa, nisijifiche nyuma ya karatasi.

Asante, Mama Salehe. Neno hilo lilitakiwa siku ile, ugali ukiwa bado wa moto.

Mumeo,
Baba Salehe