Simu niliyompigia Halima

Jumanne, baada ya isha

Bado najishangaa kwamba nilimpigia. Halima ni mke mwenzangu, na tangu Idi hatujasemezana.

Mume wetu alikuja kwangu mchana akitoka kwa Halima, mtaa wa Galbet. Nilipotoka jikoni nilimkuta mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelegea. Sikungoja jamaa waje kushauriana, nilimkimbiza hospitali.

Picha ya kichwa ilionyesha damu iliyoganda imeziba mshipa. Daktari akasema, "Kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini muda ukipita inadhuru. Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?"

Sikujua. Hakunisemesha alipoingia, nami nilidhani amenuna tu. Basi nikampigia Halima, nikamweleza habari ya mkono wa kulia na ya dawa.

"Adhuhuri alimbeba mtoto kwa mkono huohuo," akasema. "Wallahi, alikuwa akicheka. Waambie wampe."

Wakamtundikia dawa. Kufikia magharibi mkono uliolegea ulinibana vidole. Mguu bado mzito, na daktari anahofia damu isije ikavuja kichwani usiku huu. Nami naogopa.

Neno la kwanza la mume wetu lilikuwa "Halima." Imeniuma, sitaficha.

Lakini Halima, aliyekuwa amefika na kuketi karibu nami, alimwinamia akamwambia, "Mshukuru huyu. Yeye ndiye aliyekuleta." Kisha akaniita walaal, dada yake.

Amebaki naye hospitali. Mimi nimerudi kwa watoto, nikawaambia kwamba baba yao yu hai, na kwamba mama yao hakuchelewa.