Mashine Iliyokata Jina la Babu

Dada Mwanaidi,

Natumai mmeamka salama huko Mombasa. Mimi niko Garissa, ambako joto na vita vinatukausha.

Ile programu niliyoiandikia mashine yetu ya kadi Nairobi, ile inayochapa vitambulisho vya watu, wameihamishia mashine mpya ya kampuni nyingine. Nilimwambia mkubwa lazima iandikwe upya. Akanijibu, "Kadi ni kadi." Basi mashine mpya ikakata jina la tatu, yaani la babu, kwenye kila kipande cha utambulisho.

Leo nilikuwa kwenye lango la kijiji kilichozungushwa seng'enge. Abdi Hassan Guled alipotoa kipande chake, askari akatazama orodha, akasema Abdi Hassan ameshaingia, huyu ni shifta, mwasi anayetumia jina la mtu. Nikaeleza kwamba hao ni watu wawili, kosa ni la mashine. Akanisukuma kando. Wakampiga, wakamtupa ndani ya lori.

Mkewe akanigeukia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Wewe mtu ya Nairobi, mashine yenu hana babu?"

Nimempigia mkubwa simu. Anasema watarekebisha baada ya sikukuu. Abdi hajulikani alikopelekwa.

Mkumbatie mama, dada yangu, na mniombee.

Nduguyo Rajabu